Umeshapata Chuo Marekani, Mtihani wa Mei Bado: Namna ya Kutoshusha Alama Kidato cha Sita

Kwenye mock ya Februari nilipata 38 ya Fizikia. Kwa asiyejua madaraja ya kidato cha sita ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, A inaanzia 80, B 70, C 60, D 50, E 40, na S inaanzia 35. Kwa hiyo 38 yangu ilikuwa S. Mwisho wa kidato cha tano nilikuwa na 62 kwenye somo hilohilo, kwa mwalimu yuleyule, ambaye alama huzitoa kama anayepima dhahabu. Hapo katikati sikuumwa wala sikufiwa. Kilichotokea ni kwamba Desemba chuo kimoja kidogo cha Marekani kiliniandikia kuwa kimenikubali, na gharama karibu zote watazibeba wao.

Sasa nimemaliza mwaka wa pili huko. Nipo nyumbani Tukuyu kwa likizo, naandika saa nne asubuhi nikiwa nimejifunika blanketi, maana Julai ya huku haina adabu. Binamu yangu ameingia kidato cha sita, PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), na Novemba anatuma maombi. Ananiuliza kuhusu SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, ananiuliza kuhusu insha. Kipindi cha baada ya kukubaliwa hajakiulizia hata mara moja, na mimi ndicho kilichotaka kunizamisha. Haya ninamwandikia yeye, na mwenzake yeyote aliyeko bwenini Mbeya, Iringa, Njombe au Songea, barua anayo na mtihani bado hajaufanya.

Kwa nini kwetu ugonjwa huu ni mkali zaidi

Wamarekani wameupa jina la utani linalosikika kama la hospitali: senioraitisi. Mwanafunzi wa darasa la 12 akishapata chuo anaanza kuchelewa vipindi, kazi za nyumbani hazimaliziki, alama zinateremka. Wenyewe wanaujua. Walimu wanauona ukija na vyuo vinautegea mtego. Sisi hatuna jina lake kwa sababu kwetu mambo yamepangwa kinyume: mtihani Mei, matokeo Julai, kisha ndipo unaomba chuo na kuchaguliwa. Ukimwambia mtu wa Tukuyu kwamba umepata chuo, anachosikia ni kwamba umeshafaulu.

Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Mama alimwambia mzee wa kanisa, mzee wa kanisa akamwambia mchungaji, Jumapili nikaitwa mbele nisimame watu wanione. Ikafuata ibada ya shukrani nyumbani, kuku wakachinjwa, ndizi zikapikwa masufuria matatu, na bibi yangu kila nikimpita ananishika mkono: "Ndaga, ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa. Hakuna aliyekosea hapo. Ila Januari nilirudi shuleni nikiwa nimeshaagwa, na mtu aliyeshaagwa ana kazi kubwa kukaa tena kwenye dawati atafute kasi ya jiwe lililorushwa kwa nyuzi 30.

Shuleni nako wakanimalizia. Mwalimu wa Fizikia akiuliza swali alikuwa ananiruka: "Huyo mwacheni, anawaza theluji." Darasa linacheka, nami nacheka. Wiki ya kwanza nilifurahia kuachwa. Kufikia wiki ya nne sikujua wenzangu wamefika topiki gani.

Kwa hiyo mengi nitakayokuambia yanalenga jambo moja, kukurudisha kuwa mtu wa kidato cha sita mwenye mtihani Mei, machoni pako na machoni pa wanaokuzunguka. Bidii unayo, usingefika hapo bila bidii. Ni nafasi yako darasani ndiyo inayoibwa, na wanaoiba wanakupenda.

Siku barua inapofika

Isome mpaka mwisho. Kila mtu husoma mstari wa kwanza, anapiga kelele, basi. Kwenye barua yangu jambo lenyewe lilikuwa aya ya nne, na nililiona Machi. Kwa maneno yangu lilisema hivi: tumekukubali tukitegemea kwamba utamaliza shule kwa kiwango kilekile ulichotuonesha kwenye maombi, na tuna haki ya kuliangalia upya jambo hili. Tafuta sentensi ya namna hiyo kwenye barua yako, uiandike kwa Kiswahili ukurasa wa mwisho wa kauntabuku ya somo lako gumu kuliko yote. Nasema Kiswahili kwa makusudi. Kwa Kiingereza inasomeka kama adabu za ofisini; kwa Kiswahili utaona ni sharti.

Kisha hesabu muda wako. Uliyeomba kwa uamuzi wa mapema, yaani fomu zilizofungwa Novemba, jibu hutoka katikati ya Desemba, na una karibu miezi mitano mpaka mtihani. Uliyeomba kwa njia ya kawaida, mwanzoni mwa Januari, jibu huja mwishoni mwa Machi, unatakiwa kukijibu chuo kabla ya tarehe 1 Mei kupita, na wiki ya kwanza ya Mei ndiyo unaingia kwenye chumba cha NECTA. Wa Desemba huharibiwa na ulegevu. Wa Machi huharibiwa na kiwewe cha makaratasi. Jijue uko kundi gani.

Na ujue wanachokitazama. Chuo hakikuchukui na kukusahau mpaka Agosti. Shule yako hutuma ripoti ya katikati ya mwaka, kwa kawaida Januari au Februari, halafu ripoti ya mwisho ukishamaliza, zote kupitia mfumo uleule wa Common App uliotumia kuomba. Alama zikiporomoka, wanaweza kukuandikia wakutake maelezo, wanaweza kukupokea ukiwa chini ya uangalizi tangu siku ya kwanza, wanaweza kugusa ufadhili uliotegemea alama, na wanaweza kuifuta nafasi yenyewe. Kufutiwa si kwa kila siku, lakini hutokea, na hutokea Juni au Julai, wakati vyuo vingine vimeshajaa.

Jambo moja la kukutuliza, na linasahaulika sana: unapimwa kwa kulinganishwa na wewe mwenyewe. Mmarekani anayeona 72 anafikiria C, kwa sababu kwao A mara nyingi inaanzia 90. Kwetu 72 ni B na umeitolea jasho. Kabla ripoti haijatoka, mwombe mwalimu wa taaluma ahakikishe madaraja ya NECTA yameandikwa kwenye ukurasa unaoielezea shule. Wakishajua hivyo, hawatakuuliza kwa nini huna 95. Watakuuliza kwa nini ulikuwa na 62 na sasa una 38.

Halafu, ndugu yangu, funga mdomo. Kama ningerudishwa Desemba ile, habari ningewapa watu wanne: mama, kaka, mwalimu wa taaluma, na mwenzangu mmoja wa darasani. Ibada ya shukrani ingefanyika Juni na kuku wangekuwa wamenenepa zaidi. Mama angeumia kidogo kukaa nayo moyoni, lakini nimemuuliza juzi na amesema, "Ungeniambia kwamba mtihani bado, ningenyamaza. Mimi nilijua yameisha." Mzazi asiyeelezwa utaratibu wa huko atafuata anaoujua. Mwambie waziwazi: nafasi hii ni kama mchumba aliyetolewa posa tu, mahari bado.

Makaratasi yapewe siku yake

Hapa ndipo muda wangu mwingi ulipotelea, na ilikuwa rahisi kujidanganya kwa sababu kujaza fomu ya chuo kunafanana na kufanya kazi. Fomu ya bweni. Fomu ya chanjo. Swali la kama ninapenda kulala mapema au kuchelewa. Taarifa za benki za mzazi. Pasipoti, shilingi 150,000, na safari za ofisi ya Uhamiaji. Kila moja ilinichukua prepo nzima, siyo kwa ugumu wake, ila kwa sababu nikishaijaza nilikuwa nakaa naitazama ile picha ya maktaba yao yenye vioo.

Ongeza tofauti ya saa. Wa pwani ya mashariki ya Marekani wako nyuma yetu kwa saa nane wakati wa baridi yao, saba wakati wa joto. Wao wakifungua ofisi asubuhi, wewe unaelekea prepo. Barua pepe zao zinaingia usiku, na kama una simu ya kuficha chini ya godoro utakesha unazingoja. Sisemi habari za simu za kuficha kana kwamba sizijui.

Niliokolewa na kunyang'anywa. Matroni aliikuta ile simu Februari, akaipeleka kwa mwalimu wa nidhamu, nikalia siku mbili, siku ya tatu nikalala usiku mzima kwa mara ya kwanza tangu shule ifunguliwe. Baada ya hapo tukaweka utaratibu ambao ningetaka uuanze bila kunyang'anywa chochote. Kaka yangu ana kibanda cha vifaa vya simu Mwanjelwa, Mbeya mjini. Yeye akawa anafungua barua pepe yangu kila jioni. Iliyo ya tarehe za mbali aliiandika kwenye daftari, iliyo ya haraka alimpigia mwalimu wa taaluma. Jumamosi, saa nane mpaka saa kumi, mwalimu aliniruhusu kutumia kompyuta ya ofisini. Saa mbili kwa wiki. Katika miezi ile yote, hakuna karatasi hata moja iliyokosa tarehe yake. Hapo ndipo nilipojua kwamba usiku wote ule niliokuwa nakesha nilikuwa nakesha kwa ajili ya picha ya maktaba.

Kama huna kaka Mwanjelwa, tafuta mtu mzima mmoja mwenye simu na mwenye mwandiko unaosomeka. Akiwa na mwandiko mbaya ni hasara.

Suala la viza liahirishe mpaka baada ya mtihani kwa kadiri inavyowezekana. Fomu ya I-20 chuo kitakuandalia baada ya kupokea taarifa zako za fedha, na bila hiyo huna cha kupeleka ubalozini. Usaili uko Dar es Salaam. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800: basi linaondoka alfajiri, unashuka Kitonga tumbo likiwa mkononi, unafika usiku, unasailiwa, unarudi. Siku tatu zimekwenda, na ya nne unalala darasani. Ukipangiwa tarehe ya Aprili au ya wiki za mtihani, omba ya Juni.

Na wanaokuja na insha zao uwasahihishie? Watakuja wengi, mpaka wa kidato cha nne. Niliwaambia wote Jumapili baada ya chakula cha mchana, saa moja tu. Waliokuwa na nia walikuja Jumapili. Walikuwa wawili.

Somo linaloanza kuzama

Alama hazishuki zote kwa pamoja. Linatangulia lile somo ulilokuwa unalishikilia kwa hofu. Biolojia naipenda, kwa hiyo kwenye mock ilitoka 81 ikawa 70, bado B. Kemia ilitoka 74 ikawa 61. Fizikia, ambayo nilikuwa naisoma kwa kuogopa aibu tu, aibu ilipoondoka na yenyewe ikaondoka. Divisheni Wani ya pointi 6 ikageuka Divisheni Tuu ya pointi 11 kwa mtihani mmoja. Basi usisubiri mock. Jiulize leo: ni somo gani nisingeligusa kama hakuna anayenitazama? Hilo ndilo litakalozama kwanza.

Nilivyolinyanyua ni hivi. Nilichukua karatasi ya mock, sikuangalia alama, nikaandika kila swali nililokosa lilikuwa la topiki gani. Karibu yote yalitoka kwenye usumaku wa umeme na elektroniki, topiki tulizofundishwa Januari, nikiwa darasani kwa mwili. Mekanika na joto, za kidato cha tano, nilikuwa bado nazimudu. Kwa hiyo sikuwa nimekuwa mjinga ghafla. Nilikuwa na shimo la wiki tano lenye mipaka inayoonekana, na shimo lenye mipaka linafukika. Mtu akisema "nimeshuka Fizikia" hajui aanzie wapi. Mtu akisema "sijui transista" anaweza kwenda kwa mwalimu leo jioni.

Kwa mwalimu nilikwenda. Nilimkuta stafu anakunywa chai, nikamwambia, "Shikamoo mwalimu. Naomba usiniruke tena." Alinitazama sana. Kesho yake aliniita ubaoni mara tatu, na mara zote tatu nilikosea mbele ya watu. Sijawahi kushukuru aibu namna ile.

Pili, swali moja kila alfajiri. Siyo sura nzima wala "leo nitakesha". Swali moja la mitihani iliyopita ya NECTA, saa kumi na moja, kabla ya usafi na paredi, kwa dakika 20, madesa yakiwa yamefungwa kwenye tranka. Mbeya saa kumi na moja ya Machi mvua inapiga bati mpaka husikii pumzi yako, na umeme mara nyingi umeshakatika, kwa hiyo weka taa ya sola ichajiwe mchana. Aliyekuwa anasahihisha ni yule mwenzangu tuliyekuwa tunagombania namba ya kwanza. Yeye hakuwa na chuo cha Marekani, alikuwa na Mei tu, na hakuwa na sababu ya kunionea huruma. Rafiki atakuandikia pata. Mpinzani atauliza umeacha wapi kizio cha kipimo.

Tatu, maabara. Karatasi ya praktiko ndiyo ambayo aliyeshaagwa huidharau kwanza, kwa kuwa haisomeki kitandani. Mikono husahau upesi. Niliporudi maabara mwishoni mwa Februari, pipeti ilikuwa ngeni kwangu, na lile jaribio la kemia la kungoja msalaba upotee chini ya bika nilikosa kuanza saa kwa wakati mara mbili mfululizo. Jumamosi asubuhi, saa mbili mpaka saa sita, tulikuwa maabara: titresheni, chumvi za kutambua, pendulamu, kupima ukinzani wa waya. Mwalimu wa maabara alitaka tu tuoshe vyombo vyote tukimaliza. Biashara nzuri.

Nne, na hili ni la walioomba nje peke yao: usiitupe General Studies (GS) wala BAM, ile Hisabati ya ziada. Kwa hesabu za divisheni yanahesabiwa masomo matatu ya tahasusi, ndiyo maana bwenini GS ni somo la kulalia. Lakini ripoti inayokwenda Marekani ina mistari yote, na anayeisoma huko hajui kwamba huo mstari wa GS sisi tunautania. Anaona somo, anaona F. Nilikuwa nimeacha kwenda GS tangu Januari. Insha moja kwa wiki ilitosha kunirudisha.

Kuhusu kulala, chakula na michezo sina jipya. Lala. Uji unywe.

Kama umeshashuka tayari

Hapa nina kinyongo kidogo na nafsi yangu. Ripoti yenye alama za mock ilitumwa mwishoni mwa Februari. Nilijua imetumwa, nilijua ina 38, nikaamua kungoja labda hawataiona. Katikati ya Machi kaka alimpigia mwalimu wa taaluma: chuo kimeandika, wanataka maelezo kwa maandishi ndani ya wiki mbili.

Tembea kabla hujaitwa. Andika wewe, kupitia mwalimu anayetuma ripoti, siku ileile ripoti inapoondoka. Barua yangu ya kwanza ilikuwa kurasa mbili na ilianza na baridi ya Mbeya. Mwalimu wa taaluma aliichana, akanikalisha, akasema niandike kama ninavyoandika hitimisho la jaribio. Ilibaki hivi: alama zangu zilikuwa ngapi na sasa ni ngapi, sababu ni kwamba baada ya kukubaliwa nililegea na topiki mbili zikanipita, tangu tarehe fulani ninafanya moja, mbili, tatu, mtihani wa majaribio mwingine ni Aprili na matokeo yake shule itayatuma. Mwalimu akaongeza mistari yake miwili chini, akagonga muhuri.

Bwenini walinishauri niseme malaria. Ni ushauri wa upendo, na karibu niufuate. Lakini malaria ina cheti cha zahanati, cheti kina tarehe, na uongo wa karatasi unalelewa na karatasi nyingine. Tena ukiugua kweli Aprili utasema nini? Sababu yangu ya kweli ilikuwa ya aibu, na waliipokea vizuri kuliko nilivyotegemea. Walijibu kwamba wanashukuru kwa uwazi, wanangoja alama za Aprili na matokeo ya Julai, na mpaka hapo uamuzi wao unabaki wazi. "Unabaki wazi" nililala nayo wiki sita.

Kama kuna sababu nzito ya kweli, msiba, ugonjwa, ada iliyokuondoa shuleni wiki tatu, iseme, na mwambie mwalimu aiandike kwa kalamu yake. Hiyo siyo visingizio, ni taarifa.

Siku ya kutembelewa wazazi mama alikuja na maparachichi na ndizi za kuchoma. Alikuwa ameshasikia.

"Hiyo S ni nini?"

"Ni subsidiari, mama."

"Ni nzuri?"

"Si nzuri."

Akamenya parachichi polepole, akanipa nusu. "Basi mimi Marekani sitaiulizia tena mpaka uniambie." Na kweli hakuuliza. Alikuwa anauliza transista. Hajui transista ni nini mpaka leo, lakini kila akipiga simu kwa matroni alikuwa anasema, mwulizeni mwanangu transista zinaendeleaje.

Kwa nini usitegee hata kama chuo hakitakufuta

Nafasi ya chuo siyo viza. Kijana mmoja wa Iringa niliyefahamiana naye kwenye maombi alikuwa na barua, ufadhili na I-20, na Julai ubalozini akakataliwa. Huwezi kuliamua hilo kwa bidii. Alichokuwa nacho ni matokeo safi ya kidato cha sita, akaomba vyuo vya hapa kwenye awamu ya kwanza kama mtu mwingine yeyote, na yuko mwaka wa pili sasa. Kiwango cha chini kabisa cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwa aliyetoka kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi 4 (hapo pointi nyingi ndizo nzuri, kinyume na za divisheni), lakini kozi nzuri na ushindani wake ni habari nyingine. S haihesabiki hapo. Ningekataliwa viza na ile Fizikia yangu ya Februari, ningekosa Marekani na kozi nzuri za hapa nazo zingenipita.

Na ukifika huko, ujue Kemia ya kidato cha sita inakubeba. Muhula wangu wa kwanza walifundisha kwa wiki kumi mambo ambayo sisi tulikuwa tumeyapiga msuli kwa taa ya sola. Yaliyonitesa ni yale ya Januari. Nilikaa kwenye maabara ya Fizikia, theluji nje, naangalia transista.

Baada ya karatasi ya mwisho

Siku ya kutoka chumba cha mtihani kila mtu anatupa madaftari, na wewe unaruhusiwa kupiga kelele sasa. Ila kabla hujapanda gari, pita kwa mwalimu wa taaluma. Muulize ripoti ya mwisho ataituma lini na yupo likizo lini, maana shule zikifungwa Juni unaweza kuzunguka wiki mbili unatafuta muhuri. Orodha ya wanaoitwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, ikitoka, angalia jina lako mapema uone tarehe zako za safari zinakaaje nayo. Hilo usiliache liwe la Agosti.

Matokeo hutoka Julai kwenye tovuti ya NECTA. Cheti chenyewe huchelewa, kwa hiyo usikingoje. Mimi nilichapisha ukurasa wa matokeo pale stendi ya Tukuyu, kwenye stesheneri ambayo printa yake inatoa mstari mweusi katikati, nikaupeleka shuleni ukagongwa muhuri, ukaskaniwa na kutumwa na mwalimu mwenyewe kutoka kwenye barua pepe ya shule, siyo yangu. Divisheni Wani ya pointi 7: Fizikia C, Kemia B, Biolojia B. Ule mstari mweusi ulipita juu ya Biolojia, ikabidi nirudi kuchapisha upya.